Mpe Hata Akitapika

Siku Mchinjaji alipomvunja mdogo wake jino mbele yangu, nilicheka. Naanza na hilo makusudi. Watu wakisimulia mambo yao hupenda kuanzia pale walipokuwa wema, na mimi sina hamu ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi ni muuguzi wa kifua kikuu. Chumba changu ni cha mwisho kwenye baraza la kituo cha afya, kimetengwa na vingine kama mkwe aliyegombana na ukoo. Madirisha hayafungwi hata mvua ikinyesha, upepo lazima upite. Kuna meza, mizani, kabati la dawa lenye kufuli, daftari kubwa la wagonjwa, na ukutani kuna chati. Chati hiyo aliibandika mkuu wa kituo kwa mikono yake mwenyewe. Kila baada ya miezi mitatu alikuja na kalamu nyekundu, akakokotoa kati ya kila wagonjwa mia walioanza dawa ni wangapi waliopona au kuzimaliza, kisha akapandisha mstari. Nilipoingia pale tulikuwa sitini na nane. Mwaka ninaousimulia tulikuwa tisini na moja, na wageni walikuja kutoka mbali kutushangaa.

Unajua tulifikaje? Kwa mdomo wangu na miguu yangu. Mgonjwa akikosa dawa siku mbili, ya tatu ananikuta mlangoni kwake. Nimetukanwa matusi ya nguoni, nimeng'atwa na mbwa, na mlevi mmoja alinipiga kwa kiti nikakichukua kiti kilekile nikampiga nacho. Alimaliza dawa zake yule, na leo tukikutana sokoni ananibebea kikapu. Nilijiona mtu wa maana. Kusema kweli, nilivimba kichwa.

Kazi yetu ina utaratibu wake. Kila mgonjwa anakuja na mtu wa nyumbani kwake, tunamwita msimamizi. Msimamizi ana kazi moja: kila asubuhi asimame mbele ya mgonjwa, amwone kwa macho yake akimeza vidonge, kisha aweke alama kwenye kadi. Kuambiwa tu kwamba mtu amemeza hakutoshi. Wengi huleta mke au mama. Kinyozi, huyo mdogo wa Mchinjaji, aliletwa na kaka yake, tena akiwa begani, miguu inaning'inia.

Huyo kaka alifanya kazi machinjioni. Kifua chake kilijaa mlango, na alinuka damu hata baada ya kuoga. Alimkalisha mdogo wake kwenye kiti taratibu, akamfuta jasho kwa kiganja. Kinyozi alikuwa mwembamba, macho makubwa, na ingawa pumzi ilikuwa ya kuokoteza, mdomo wake ulikuwa mdomo wa vinyozi wote.

"Sista," alisema nilipompa vidonge vinne vya kwanza, "hivi ni vya kumeza au vya kujengea nyumba?"

"Meza."

"Kila siku?"

"Miezi sita."

Alivitia mdomoni, akavitafuna, uso ukamkunjamana, akavitema sakafuni. "Mimi siwezi hii kitu. Bora nife na uzuri wangu."

Sikuuona mkono ukiinuka. Nilisikia tu mlio, Kinyozi akaenda chini pamoja na kiti. Alipoinuka alikuwa ameshika kitu cheupe chenye damu kwenye kiganja, anakitazama kwa mshangao. Kaka yake alichukua vidonge vingine mkononi mwangu, akapiga goti mbele yake.

"Tema tena," alisema. "Yapo mengi mdomoni."

Kinyozi alimeza dawa na damu yake. Hapo ndipo nilipocheka. Nilifungua daftari nikamwandika Mchinjaji kuwa msimamizi, nikamwambia, "Wewe ndiye mtu niliyekuwa nakutafuta maisha yangu yote."

Hakucheka. Alisubiri mdogo wake atoke barazani, kisha akainama mezani. "Sista, baba yetu aliacha hizi dawa mwezi wa tatu. Alisema zinamuua, na mwili umeshapona. Mimi nilimwona akizimwaga chooni nikanyamaza, kwa kuwa ni baba. Alifia mikononi mwangu, damu inamtoka puani na mdomoni, mpaka kwenye shati langu. Yule nje ndiye niliyebakiziwa. Yule hafi. Niambie cha kufanya, nitafanya."

Nikamwambia. Maneno yangu nayakumbuka moja moja. "Atakwambia ana kichefuchefu, usimsikilize. Atakwambia viungo vinauma, usimsikilize. Mkojo utakuwa mwekundu, hiyo ni rangi ya dawa, msishtuke. Akitapika, msubiri kidogo umpe vingine. Mpe hata akilia. Mpe hata akitapika."

Nyuma ya kiti changu palikuwa na karatasi nyingine ukutani, yenye dalili za hatari. Inasema mgonjwa akigeuka manjano macho, akishindwa kula, akiumwa tumbo upande wa kulia, asimamishe dawa zote na aletwe mbio, maana zipo dawa humo zinazoweza kuunguza ini. Ni wachache wanaopatwa, lakini wapo. Zamani nilikuwa nawasomea wasimamizi wote karatasi ile. Niliacha. Ukimsomea mtu mambo ya ini anaogopa, akiogopa anatoroka, akitoroka mstari mwekundu unashuka. Hakuna aliyenikataza kuisoma. Niliamua mwenyewe, na siku ile nilikuwa nimeipa mgongo.

Wiki zikaenda. Kila Jumatatu Mchinjaji alileta kadi, alama zimejaa, hakuna pengo. Kinyozi aliongezeka kilo moja, akawa anakohoa kidogo. Siku moja nilimwuliza kaka yake anatumia mbinu gani, maana wasimamizi wengine walikuwa wanabembeleza na peremende.

"Ng'ombe akikataa dawa," alisema, "unamshika hapa, nyuma ya taya, unabana. Kinywa kinafunguka chenyewe. Mtu ni vilevile, ila anatukana."

Nilimpelekea mkuu wa kituo hadithi ile, akacheka mpaka akavua miwani. "Tukipata kumi kama huyo," alisema, "tunafika mia." Tulikuwa tunaelekea tisini na nne. Kalamu alikuwa nayo mfukoni.

Wiki ya sita alikuja mke wa Kinyozi. Binti mdogo, mwenye maneno machache. Tangu mumewe augue ndiye aliyekuwa akinyoa watu dukani, na siku hiyo alikuja na nywele za wateja bado zimemganda kwenye kanga. Nje foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa nafunga hesabu za miezi mitatu.

"Mama, mume wangu hali kitu. Siku ya nne leo."

"Anatapika?"

"Kila kitu, mpaka maji. Na tumbo, hapa." Aliweka mkono ubavuni, upande wa kulia. "Halafu mkojo wake mweusi."

"Mwekundu. Niliwaambia."

"Ulikuwa mwekundu. Sasa ni mweusi, mama. Kama chai ya rangi."

"Binti, dawa ni ileile."

"Na shemeji anampiga. Asubuhi anamkalia kifuani kabisa. Jana nilidhani amemvunja mbavu."

"Anamkalia ili wewe usiwe mjane. Nenda kamshukuru."

Alisimama. Hakulia wala hakubishana. Alifika mlangoni akageuka. "Mama, wewe ungekaliwa kifuani na kifua kinaumwa, ungesema nini?"

"Anayefuata!" nikaita.

Ninaona aibu kuandika neno lile. Sikumwuliza kuhusu macho. Ni swali moja tu, la maneno manne, na foleni isingeanguka kwa kuulizwa.

Asubuhi yake, nyumbani kwangu, nilikuwa najimiminia chai. Ilipojaa kikombe niliitazama rangi yake nikasimama nayo mkononi, nikakumbuka mkojo alioutaja yule binti. Niliweka kikombe chini, nikatoka na ndara miguuni.

Duka la Kinyozi lilikuwa mbele na chumba chao nyuma, kinachotenganishwa na pazia. Nilipita kati ya kiti cha kunyolea na kioo, na kabla sijashika pazia nikasikia: vishindo, na sauti ya mtu anayepigania pumzi. Ndani, kitanda kilikuwa kimepinduka. Kinyozi alikuwa chali sakafuni, kaka yake juu yake, magoti yamebana mikono yake miwili, mkono wa kushoto umeshika taya, wa kulia una vidonge. Mkewe alikuwa anampiga Mchinjaji mgongoni kwa mwiko wa kusongea, kwa nguvu zake zote, na yeye hata hatikisiki. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye sikio la Kinyozi. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, manjano kama kiini cha yai.

"Mwache!" nilipiga kelele. "Usimpe! Usimpe!"

Mchinjaji aliinua uso, na nikaona kwamba amefurahi kuniona. "Sista, afadhali umekuja. Nishikie miguu."

Mungu wangu. Nishikie miguu.

Nilimrukia nikamvuta mkono. "Dawa zinamuua! Ini limeungua, mtazame macho! Acha, tumpeleke hospitali!"

"Jana shemeji amekuja kwako ukamwambia ni dawa ileile."

"Nilikosea!"

"Wewe hukosei." Alisema kwa utulivu kabisa, kama anayemtuliza mnyama. "Ulisema watu wataniambia hivi na hivi. Ulisema hata akitapika. Baba naye alisema dawa zinamuua. Maneno hayohayo, Sista. Mimi siachi."

Akabana taya. Kinywa kilifunguka. Kidonge cha kwanza kikaingia, akakisukuma kwa kidole mpaka kooni, Kinyozi akakakamaa mwili mzima.

Juu ya kabati palikuwa na pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma. Niliishika kwa mikono miwili nikampiga nayo kichwani. Nataka ieleweke kwamba sikumpiga kumtisha. Nilimpiga kwa nia ya kumwangusha, na kama angekufa, ningekuwa nimeua. Alianguka ubavu, akainuka hapohapo, ngozi ya kichwa imechanika, damu inamwingia jichoni. Alinishika koo akanibandika ukutani, miguu yangu ikawa haigusi chini. Nilisikia mbavu zangu zikivunjika, moja, halafu nyingine. Nilimng'ata mkono mpaka meno yangu yakakutana na mfupa. Hakuniachia. Mke wa Kinyozi alizoa vidonge sakafuni akavisaga kwa kisigino, akilia kwa sauti, akivisaga hata vilivyokwisha kuwa unga.

"Utamuua!" nilijaribu kusema. Sijui kama ilitoka.

"Mnataka afe," alisema Mchinjaji usoni pangu. "Nyote mnataka afe kama baba."

"Kaka." Kinyozi alikuwa amejiegemeza kwa kiwiko. Sauti haikuwa sauti. "Kaka, mwache mama wa watu. Nimechoka mimi."

Kisha akatapika. Kidonge kilitoka kwanza, kizima, na nyuma yake kitu cheusi kama masalia ya kahawa, kingi, kikamwagika mpaka kwenye vidole vya kaka yake. Mikono shingoni mwangu ililegea. Mchinjaji alitazama kile kitu cheusi. Amechinja maelfu ya wanyama, anajua rangi za ndani ya mwili kuliko daktari, na nadhani ndipo alipoanza kuamini.

Alimtupa mdogo wake begani akatoka mbio, akipita katikati ya barabara, magari yakimpigia honi, mimi na yule binti nyuma yake. Mbavu zilikuwa zinanichoma kila nikivuta hewa. Kituoni gari la wagonjwa lilikuwepo, kwa bahati. Walipokuwa wanamlaza ndani, Mchinjaji alinishika mkono, akaniuliza kwa unyenyekevu, damu bado inamtiririka shingoni, "Na vya leo, Sista? Vya leo atapewa huko?"

Kinyozi alilazwa hospitali kubwa siku tatu. Ya kwanza alizungumza, akamtania nesi kwamba nywele zake zimenyolewa na adui. Ya pili hakumtambua mkewe.

Siku hiyo ya pili mkuu wa kituo alinitembelea. Nilikuwa nimelazwa wodi ya wanawake ya hospitali hiyohiyo, nimefungwa kifua. Alikuja na daftari kubwa kwapani na uso wa msibani.

"Pole sana," alisema. "Mambo haya hutokea. Sikia, mgonjwa wetu alitoka kituoni akiwa hai, sivyo?"

"Yuko hai mpaka sasa."

"Ndiyo, ndiyo, tunamwombea. Nasema tu, kwa kuwa alitoka hai, mwandike amehamishwa. Aliyehamishwa hahesabiki kwetu. Wageni wanakuja kesho kuangalia chati." Akanifungulia ukurasa, akanipa kalamu, akaniwekea kidole kwenye mstari ili nisihangaike kuutafuta.

Nililichukua daftari kwa mikono miwili nikampiga nalo mdomoni. Ni daftari zito, lina wagonjwa wa miaka minne. Alirudi nyuma, mdomo umepasuka, akakanyaga beseni la jirani yangu akaanguka nalo. Wagonjwa walipiga vigelegele wakidhani ni mambo ya mapenzi. Maumivu ya mbavu yalinifanya nione giza, lakini ningepata nafasi ningempiga tena. Baadaye niliandika kilichopaswa kuandikwa na mstari mwekundu ukashuka, na nikaitwa mbele ya kamati. Hiyo ni shughuli ya watu wa chati.

Kinyozi alikufa siku ya tatu, saa saba mchana, wakati watu wanaruhusiwa kuona wagonjwa.

Nilijikokota mpaka wodi alikolazwa. Mchinjaji alikuwa kwenye benchi nje ya chumba, kichwa kimefungwa bendeji pale nilipompiga, mkono umefungwa pale nilipomng'ata. Mke wa marehemu alikuwa ndani. Nilikaa kando ya Mchinjaji. Wapishi wa hospitali walipita na toroli la vyombo, wakapunguza mwendo, wakaendelea.

"Daktari anasema ini," alisema mwishowe. "Mimi sijaelewa vizuri. Kifua kilihamia kwenye ini?"

Niliitazama ile bendeji mkononi mwake.

"Sista, nikuulize kitu. Usinifiche, mimi ni mtu mzima."

"Uliza."

"Kuna Ijumaa moja." Akaanza upya. "Ijumaa ya wiki iliyopita nilimkalia kama kawaida. Akaniita jina alilokuwa ananiita tukiwa wadogo, tukilala mkeka mmoja. Hajaniita hivyo miaka. Mkono ulinikataa. Nikavitia vidonge mfukoni, nikaweka alama kwenye kadi kana kwamba amemeza. Akalala mpaka saa sita, akaamka akaomba uji. Ni siku moja tu, Sista, naapa. Sijawahi kuruka nyingine." Alijikunja kwenye benchi, mwanamume mkubwa kiasi kile. "Ndiyo iliyomuua?"

Ningeweza kusema hapana nikaishia hapo. Lingekuwa neno la kweli, lingemtosha, na angenishukuru. Niliiona njia hiyo wazi kabisa na nikatamani kuipita. Lakini mtu huyu aliwahi kuniambia nimwambie cha kufanya, na nilimwambia nusu. Sikuwa na haki ya kumpa nusu tena.

"Hapana," nilisema. "Ijumaa ile haikumuua. Zimemuua zile nyingine."

Alinigeukia polepole.

"Dawa ndizo zilizoliunguza ini. Hutokea kwa wachache, na dalili zake zinajulikana. Ukiziona unaacha siku hiyohiyo, na mtu anapona, halafu anaanzishiwa tena kidogo kidogo. Karatasi yake ninayo ukutani. Sikukusomea."

"Zile nyingine nilimpa mimi."

"Ulimpa wewe. Nilikutuma mimi."

Nilidhani ataniua. Nilikaa tayari, na nasema kweli kwamba nilitaka anipige, maana kipigo kingekuwa na mwisho. Hakunigusa. Alisimama, akafungua mlango wa chumba, akataka kuingia kwa mdogo wake.

Yule binti alikuwa amesimama kati ya mlango na kitanda, kichwa kinamfikia shemeji yake kifuani. Nyuma yake niliona miguu ya Kinyozi chini ya shuka. Mchinjaji angeweza kumwondoa kwa mkono mmoja kama anavyoondoa kiti.

"Usimguse," alimwambia.

"Shemeji, nimfumbe macho tu."

"Usimguse kabisa. Umemgusa vya kutosha." Kisha akanitazama mimi, nimejishikilia ukutani. "Na wewe mama, bakia hapohapo ulipo."

Akafunga mlango. Mchinjaji aliweka kiganja juu ya mbao zake, hakusukuma. Alisimama hivyo mpaka walipokuja kumchukua mdogo wake kwa mlango wa upande mwingine, nasi tukasikia magurudumu tu yakienda.